Mke wa Nyakerario

Ogoti alipangusa benchi la mahakama kwa leso kabla ya kukaa. Kemuma alikuwa ametoka tu kuketi pale.

"Hata leso yenyewe naitupa," alimnong'oneza binamu yake, Haron.

"Itupe, ndugu. Nitakununulia nyingine."

Haron ndiye aliyemtafutia wakili, na ndiye aliyemleta Nyamira kwa gari lake kila kesi ilipotajwa. Binamu wa namna hiyo siku hizi utampata wapi?

Kesi yenyewe Ikonge nzima iliijua. Nyakerario, mjane wa ukoo wao, hakujaliwa mtoto wa kiume. Akafanya walivyofanya wa kale: akatoa ng'ombe, akamwoa Kemuma, ili azae watoto wa kuibeba nyumba ile. Sasa Nyakerario alikuwa kaburini, na Ogoti, ambaye shamba lake la majani chai lilipakana na la marehemu, alitaka Kemuma na wanawe wafukuzwe.

"Mwanamke kumwoa mwanamke! Nasikia kutapika," alikuwa akisema kanisani, sokoni, hata kwa kinyozi. "Sisi tumetoka nyumba yenye baba."

Baba mwenyewe, Mogaka, hakuwahi kumwona. Aliambiwa alifia mbali, kwa hiyo hata kaburi bomani halikuwepo. Na mama yake, Persis, alipomsihi aiache kesi hii, alimjibu kwamba hizo ni huruma za kike.

Wakili wa Ogoti alisimama.

"Mheshimiwa, sheria ya urithi inasema mke. Wabunge walipokuwa wakiitunga, nani kati yao alimfikiria mke aliyeolewa na mwanamke? Tusiwatie maneno kinywani."

"Na mila?" hakimu akauliza.

"Mila hii waliijua. Wangeitaka, wangeiandika."

Kemuma alitazama sakafu. Persis, aliyekuja bila kualikwa, alisogea akamshika mkono. Ogoti aliona, akasonya. Mama mzima anashika uchafu!

Hakimu alivua miwani. "Kazi yangu ni kusoma nia ya Bunge, si kuitungia Bunge nia. Mke ni wa mwanamume. Nyumba iliyoanzishwa kwa ng'ombe wa mwanamke haina fungu katika ardhi ya ukoo."

Nje, Kemuma alipopita, Ogoti alitema mate karibu na viatu vyake. "Kachume chai kwenu!"

Kisha akamgeukia mama yake, meno yote nje. "Mama, tumeshinda!"

Persis alimtazama kama mtu aliyekuta inzi kwenye uji.

"Mogaka hakufia mbali," alisema. "Mogaka hakuzaliwa. Nyanya yako alikosa mtoto wa kiume, akatunga jina. Ng'ombe wa mahari yangu alitoa yeye, kama Nyakerario."

Ogoti alicheka kidogo, akaacha. Akageuka kumtafuta Haron.

Haron alikuwa kwenye ngazi na wakili yuleyule, wakipeana mikono. Alipoona anatazamwa, alishuka polepole, akatoa mfukoni leso mpya, ingali kwenye karatasi yake ya dukani.

"Nilikuahidi," alisema. "Jipanguze, ndugu, kisha utuambie unahama lini."