Vikombe vya Wodi ya Wazazi

Chumba cha wauguzi kilikuwa na vikombe tisa vya chai na wanywaji wawili. Wenye vile saba walikuwa ng'ambo, wakiuguza wazee wa watu. Nchi za wenyewe zimeishiwa wauguzi, basi mawakala wao huja huku kuchota kana kwamba sisi tumejaa hadi pomoni.

Waliobaki ni Sista mkuu, mama asiyejua kucheka kabla ya saa nne, na Mdogo, kama Sista alivyomwita mwenzake. Wodi nzima ya wazazi ilikuwa yao. Siku nyingine walipishana mchana kutwa bila hata kuulizana hali, na upweke huo ulimchosha Mdogo kuliko kazi yenyewe.

Sasa Mdogo alikuwa na siri. Usaili wa ng'ambo alishaupita, na wakala alitaka jibu leo. Angeanzia wapi kumwambia Sista? Mama wa watu amemfundisha kila kitu, na mwezi huu ndio kazidi: panga zamu wewe, agiza dawa wewe, huyu wa mapacha mzalishe wewe, mimi nakuangalia tu. Umri umemtupa mkono, Mdogo aliwaza kwa huruma.

"Sista, huwakumbuki wenzetu?"

"Mno. Eti huko baridi inakata masikio, mtu anavaa soksi mbili mbili."

"Na ukibaki peke yako humu?"

Sista aliinamia kikombe chake. "Peke yako humu, mwanangu, utaongea na kuta."

Mdogo alishindwa kuimaliza chai. Alitoka hadi nyuma ya chumba cha kufulia, akampigia wakala.

"Siendi. Mpe mwingine."

"Una wazimu? Watu wananililia hapa!"

"Basi mpe anayelia."

Simu ikakatwa. Alilia hapohapo, akaililia nyumba aliyotaka kumjengea mama yake, kisha akanawa uso na kurudi. Angalau Sista angefurahi.

Alimkuta amesimama katikati ya chumba, simu mkononi, machozi yanamtiririka. Kabla Mdogo hajafungua kinywa, Sista alimkumbatia kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa wa akiba, nikajua sitaitwa tena. Wakala kanipigia sasa hivi: kuna mtu kakataa nafasi yake."