Kopo la Chini

"Baba, yataanguka!"

Meneja wa duka aliganda na kopo la nyanya mkononi. Mnara wa makopo aliokuwa akiupanga ulikuwa umemfika kifuani, na kweli ulishaanza kuinama. Lakini jamani, sauti ile!

Aligeuka. Kwenye toroli la bidhaa alikaa kitindamimba wake, binti wa miaka mitano, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kutamka neno. Kila alfajiri nyumba nzima ilipiga magoti kumwombea, na kila alfajiri baba ndiye aliyeinuka wa mwisho.

"Mama watoto! Njoo! Njoo mbio!"

Mkewe aliacha vitunguu alivyokuwa akichagua, akaja anahema. "Kuna nini? Umeumia?"

"Amesema! Huyu hapa, amesema yataanguka! Sema tena, mama. Mama yako asikie."

Mtoto alimtazama, akatia kidole mdomoni.

Mke alimshika mumewe bega kwa upole. "Ni kufunga huko, mume wangu. Leo siku ya tatu. Njaa nayo ina sauti zake."

"Njaa haijawahi kuniita baba!"

Wateja walishasimama kutazama. Msichana wa kaunta aliziba mdomo asicheke, maana huyu ndiye bosi aliyekuwa akiwafokea asubuhi nzima kwa kopo moja tu lililobonyea.

Meneja alipiga magoti mbele ya mnara, kama afanyavyo alfajiri. Akashika kopo la chini kabisa. Akamtazama mwanawe machoni.

Akavuta.