Kabla ya Kuwafungulia Vijana

Kila filamu mpya naitazama mwenyewe kwanza, ndipo niamue kama vijana wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma wataingia kwenye banda langu la video. Leo ilikuwa ya majambazi wenye mapanga.

Clotilde, binti wa Kikongo anayewatafsiria watazamaji kwa kipaza sauti, alikaa nami akimpakata mtoto wangu.

"Mathe, fungua bana, jua inatuchoma," vijana waliita nje.

"Mama, waache tu waingie," Clotilde akacheka. "Hii damu ni rangi. Na hawa majambazi wanakimbia kama mbuzi wa harusi."

Nilicheka pia, nikainuka kwenda kufungua. Nilikuwa nimeanza kuvuta komeo wakati majambazi kwenye skrini walipouvamia mlango wa nyumba ya watu. Nyuma yangu benchi likakwaruza sakafu. Nikageuka.

Alikuwa amejikunja chini ya benchi na mtoto wangu. Kiganja chake kimemziba mdomo, vidole vimekaza hadi kucha zikawa nyeupe. Mtoto hakuwa akilia.

"Nyamaza," alimnong'oneza. "Watatusikia."

Nilirudisha komeo, nikawakimbilia.

Nje, vijana wakaanza kugonga mlango.