Ukumbi wa Diwani Kicheche

Usikunje uso kabla hujasikia. Kama huamini, kawaulize kuku wenyewe. Diwani Kicheche alipostaafu, kuku wote waliitwa pamoja na vifaranga wao kumpongeza, katika ukumbi aliowajengea. Bi Kishingo, kuku mzee, alitangulia kuukagua, akaona komeo la mlango liko nje.

“Mbona nje, mheshimiwa?”

“Usalama wenu, mama.”

“Na chakula cha sherehe?”

“Kitaingia na wageni.”

Bi Kishingo akawatazama vifaranga waliojipanga uani.

“Basi tangulia kwenye kiti cha heshima, mwanangu. Mtu mkubwa hapokei sifa wima. Sisi tutakuja na vigelegele.”

Kicheche akakaa, akafumba macho kungoja sifa zake. Bi Kishingo akatoka, akafunga mlango, akalisukuma lile komeo la usalama.