Jiwe la Mwisho la Makame

Katika mji mmoja wa wachonga mawe, ulio mbali na bahari, kila mchongaji afapo huwekewa kaburini jiwe alilolichonga mwisho, wala kaburi halipewi jiwe la pili. Jiwe la Makame lilikuwa na gamba la kasa wa kale, lililogeuka jiwe, ndani yake.

"Aina yake ilitoweka duniani kabla ya mwanadamu, Bibi," alisema Salha, mtaalamu aliyetumwa na jumba la makumbusho. "Likiendelea kunyeshewa, gamba hili litamomonyoka lote."

"Nikikupa, mume wangu atalala bila alama," alisema Bi Mize, mjane wa Makame.



Bi Mize alipitisha kidole ukingoni mwa gamba. Hapakuwa na kovu hata moja la patasi.

"Makame alinivunjia vikombe vyote nyumbani," alisema, "lakini mnyama huyu alichonga kumzunguka siku tatu, asimguse." Akaondoa kidole. "Mchukueni. Makame mwenyewe asingeridhia mnyama huyu aliwe na mvua."

Wanaume wanne walilibeba jiwe. Kichwani mwa kaburi pakabaki shimo la mviringo.

"Kasa huyafanyaje mayai yake?" Bi Mize aliuliza.

"Huyafukia mchangani, Bibi, kisha hurudi baharini bila kutazama nyuma."

Bi Mize alipiga magoti, akalifukia shimo kwa viganja vyake, polepole, hata udongo ukalingana na ardhi iliyouzunguka. Kisha akasimama, akaelekea langoni mwa makaburi. Na alipofika hapo, mguu mmoja nje na mmoja ndani, akasita.