Filamu ya Wapambe

Kidoti alipotokea mlangoni na begi lake, mchana kweupe, msusi hakumuuliza kitu. Alimkalisha kwenye kochi, akamletea chai, akaweka ile filamu yao.

Hawakuwa wameiangalia pamoja kwa miaka tisa. Zamani, walipokuwa wasichana wanaolala kitanda kimoja, waliijua yote kichwani: wapambe watatu wanapotea njia na keki ya harusi garini, na dereva anampenda yule mfupi anayetapika kila kona. Kidoti, binti wa mama mdogo wa msusi, ndiye aliyekuwa akiigiza sauti zote.

Ndiye pia aliyekuwa mpambe wa msusi. Harusi ilipokaribia kabisa, bwana harusi alimgeukia mpambe. Gauni la msusi lilibaki kabatini. Ukumbi alioupamba msusi mwenyewe, Kidoti akaolewa humo.

Tangu siku ile kuna mtu msusi alimfungia kinyongo. Hakumsema kwa majirani, hakumtumia salamu za shari. Alisuka vichwa vya watu, akacheka na wateja wake, na moyoni akangoja. Alijua siku itajileta yenyewe.

Na sasa Kidoti alikuwa hapo, amekonda, macho kwenye skrini lakini haoni. Wapambe walipovamia harusi isiyo yao, mahali walipozoea kucheka mpaka mbavu ziume, akaanza kulia.

Alisimulia kidogo kidogo. Mumewe humnunia wiki nzima kwa chumvi tu kuzidi. Simu yake huikagua kila siku. Mama yake alipokuja kuuliza kulikoni, alifukuzwa kama mwizi, majirani wanatazama, na tangu hapo hajakanyaga tena. Leo mume alipokwenda kazini, Kidoti alijaza begi, funguo akaziacha kwa jirani, akatoka bila kujua anaelekea wapi.

"Hurudi saa ngapi?" msusi aliuliza.

"Jioni, giza likiingia."

"Anajua uko huku?"

"Hawezi hata kuwaza. Anajua unanichukia."

Msusi hakukataa. Alisema anakwenda kuongeza chai.

Jikoni alifungulia bomba ili maji yafunike sauti, akapiga simu. "Yuko kwangu," alisema. "Ana begi moja tu. Tukimwacha mpaka jioni atakuwa amebadili mawazo." Alisikiliza, akajibu maswali mawili matatu, akakata. Alipopita kwenye kioo cha ukutani alijiona anatabasamu, naye akaliacha tabasamu lake hapo hapo.

Filamu ilipoisha, aliirudisha mwanzo. Kidoti alishangaa, kisha akachangamka. Mara ya pili aliigiza hata sauti ya yule mfupi anayeomba gari lisimame, na kwa dakika chache wakawa tena wale wasichana wa kitanda kimoja. Halafu Kidoti akawa anazungusha kikombe kitupu mikononi.

"Dada, mimi nilikuharibia maisha. Niambie ukweli. Umenisamehe?"

"Angalia filamu," msusi alimwambia.

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea gari liliposimama nje kwa breki kali. Kidoti aliruka kutoka kwenye kochi. Alimtazama msusi, akautazama mlango.

"Kule jikoni ulikuwa unampigia," alisema.

Alinyakua begi akatafuta njia ya uani, lakini msusi alikuwa ameshasimama katikati ya sebule, mwili mzima umeziba njia.

"Huendi popote. Siku hii nimeingoja miaka tisa."

"Dada, nakuomba."

Mlango uligongwa kwa kiganja, mara nyingi, kama anayegonga ana hasira. Msusi alimshika Kidoti mkono, akamvuta mpaka mlangoni, akazungusha kitasa.

Aliyesimama kizingitini ni mama mdogo, kanga kaifunga kibwebwe, jasho linamtiririka. Nyuma yake, juu ya pikapu, kaka zake Kidoti walikuwa wamekalia kitanda, kabati, jokofu na kila alichopewa kwao siku alipoolewa, mpaka mapazia. Na mume alikuwa bado yuko kazini.