Glasi Mbili za Mchoraji

Mwigizaji alipoketi kwenye kiti cha marehemu, Ihsan alirudi nyuma ya kamera, akakaza mtandio wake. Filamu ilikuwa ya maisha ya mumewe, yule mchoraji ambaye picha zake hazikuwa na uso wala mti, rangi tupu zinazogombana. Walikuwa wakiipigia humu humu, katika fleti yao ya Kairo.

Mezani palikuwa na glasi mbili, moja ya chai, nyingine ya tapentaini ya kusafishia brashi. Rangi ya kahawia ilikuwa imeivuruga tapentaini hata usingeitofautisha na chai.

"Ndivyo alivyokosea glasi, akanywa tapentaini, sivyo, mama?" mwongozaji alinong'ona.

"Ndivyo, mwanangu. Alikuwa peke yake, masikini. Mimi nilikuwa sokoni."

Jibu hilo alikuwa akilitoa tangu siku ya msiba, hata limekuwa laini kama kokoto ya mtoni.

Kamera zikaanza. Mwigizaji alichora kwa hasira, akachoka, akanyoosha mkono bila kutazama. Glasi ilipomfikia mdomoni aliizuia, akageuza shingo polepole kulitazama pazia la jikoni.

"Ihsan, mbona chai ya leo inanuka?"

Maneno hayo hayakuwamo kwenye mswada. Watu wote walidhani kijana anabuni.

Ihsan alilijua jibu lake. Likamtoka kabla hajafumba mdomo, tena kwa sauti ya ujana wake:

"Zinanuka brashi zako hizo. Kunywa, isije ikapoa."